Shahada ya uchumi bado inalipa?

Machi 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilifanya usaili wa nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000, yaani watu kama 85 wakigombea kiti kimoja. TRA ni miongoni mwa sehemu za kwanza anazozifikiria mhitimu wa uchumi, kwa hiyo wanaosema shahada hii haina soko wana pa kuanzia.

Na hoja yao inakwenda mbali zaidi. Mhasibu ana bodi yake, NBAA, na cheti chake cha kitaaluma, CPA; mtu wa ununuzi na ugavi ana bodi ya PSPTB; mwajiri akiona cheti anajua anachopata. Mchumi ana transkripti tu, yaani karatasi ya matokeo ya chuo. Halmashauri zina nafasi za wachumi na maofisa mipango, lakini ni chache na waombaji wake ni wengi. Miradi ya wafadhili, iliyowabeba wengi kwenye ufuatiliaji na tathmini, imepungua tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025.

Wanaoitetea wanataja upana wake: Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, bima, utafiti wa masoko, mikopo. Nakubaliana nao, hasa kwenye mikopo. Ofisa wa benki Mtwara anayeelewa jinsi bei ya korosho ikishuka inavyoyumbisha marejesho ya muuza duka, ambaye hana hata mkorosho mmoja, anaiokolea benki fedha nyingi.

Ila upana huo haujitumii wenyewe. Kinachoniuma ni kuona ekonometriki, somo la kupima mambo ya uchumi kwa takwimu ambalo lingempa mchumi ujuzi wa kushika mkononi, likifaulishwa kwa kukariri fomula za UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Mtu anamaliza miaka mitatu hajawahi kusafisha data chafu wala kuandika kurasa mbili ambazo meneja angeweza kuzifanyia uamuzi.

Vijana wasibebeshwe lawama yote. Hata wote wangeijua Stata, programu ya kompyuta ya kuchambua data, zile nafasi za TRA zingebaki 1,596. Ujuzi huo unamsaidia mtu kutafuta kazi nje ya foleni hiyo, kwenye kampuni za kati na vyama vya ushirika ambako hesabu za mauzo zipo na hazichambuliwi na mtu. Vyuo vinaweza kuanzia hapo bila bajeti kubwa: data za tafiti za kaya za Tanzania zinapatikana bure mtandaoni, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kupewa afanye nazo kazi muhula mzima.