Ubongo wa Mbele wa Samaki: Je, Umepinduka Tu?

Kwenye meza moja ya soko la samaki Mtwara unaweza kukuta kichwa cha changu kando ya kichwa cha papa, na ukivipasua vyote viwili utaona jambo lisilotarajiwa: ubongo wa mbele wa papa umejengwa kwa mpango unaokaribia wetu kuliko ule wa changu, ijapokuwa kwa nasaba changu ndiye aliye karibu nasi. Katika kiinitete cha binadamu na cha papa, kuta za mrija wa neva, yaani mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hutuna kulia na kushoto, na kila upande ukawa na chumba chake chenye majimaji. Kwa changu, tasi, kibua na samaki wengine wenye mapezi ya miali, kuta hizo huachana kwa juu na kulalia nje, chumba kikabaki kimoja kilichofunikwa na utando mwembamba. Mkulima wa ufuta wa Lindi ataielewa picha hiyo mara moja, kwa kuwa ganda la ufuta likikauka hufunguka kuanzia juu vivyo hivyo.

Maelezo haya ya kupinduka yamekuwapo tangu miaka ya 1890, na uzito wake umo katika kutabiri. Ikiwa ukuta umepinduka, basi sehemu ambayo kwetu iko ndani, upande wa katikati, yaani hipokampasi inayotunza kumbukumbu za mahali, kwa samaki itafutwe ubavuni. Na ile inayolingana na amigdala, inayohusika na hofu, itafutwe karibu na katikati. Majaribio kwa samaki wa dhahabu yaliunga mkono hesabu hiyo: walioharibiwa eneo la ubavuni walishindwa kukumbuka njia, na walioharibiwa eneo la katikati walishindwa kujifunza kukwepa madhara. Ushahidi huo si wa kupuuzwa, ingawa kufanana kwa kazi peke yake hakuthibitishi asili moja.

Tatizo liko kwenye harufu. Kwa ramani iliyopinduliwa, eneo kuu linalopokea habari za harufu lilipaswa kuwa jirani na lile la hofu, lakini hukutwa nyuma ubavuni, limepakana na linalofananishwa na hipokampasi. Watetezi wamejibu kwamba kupinduka kulikuwa kwa sehemu tu, au kwamba baadhi ya seli zilihama baadaye. Huenda ni kweli. Ila chombo kinachotiwa kalafati kila safari humfanya nahodha aanze kutilia shaka mbao zenyewe.

Kwa maoni yangu, kiinitete chenyewe kina neno zito kuliko ubongo uliokomaa. Uchunguzi wa zebrafishi, samaki mdogo wa maabara, uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha hatua mbili. Kati ya saa 18 na 24 hivi baada ya yai kurutubishwa, mfuko wa majimaji hufunguka kwa kina kati ya ubongo wa mbele kabisa na sehemu iliyo nyuma yake. Kisha, kuanzia siku ya 2 hadi ya 5, tishu ya juu hukua kuelekea nyuma, na utando unaofunika chumba huvutika pamoja nayo. Hapakuonekana ukuta uliokunjwa nje kama ukingo wa mkeka. Ikiwa ndivyo, tunachokiita ubavu kwa samaki aliyekomaa ni nyuma kwa kiasi fulani, na nafasi ya eneo la harufu haishangazi tena sana.

Hata hivyo, zebrafishi ni samaki mmoja mdogo wa maji baridi wa Asia, aliyependelewa maabara kwa sababu kiinitete chake hupitisha mwanga na hukua nje ya mama. Polipterasi wa maji baridi ya Afrika, kutoka tawi la kale la samaki wenye mapezi ya miali, ana kuta nyembamba zilizolala nje waziwazi, na kwake maelezo ya zamani yanatosha vizuri zaidi. Kwa hiyo naukubali mpinduko kama maelezo ya umbo. Nasita kuukubali kama ramani ya kulinganisha eneo kwa eneo.

Silikanti, samaki wa ukoo wa kale aliyenaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, angefaa kulinganishwa nao, kwani kwa nasaba yuko upande wetu na wa kamongo, na ubongo wake wa mbele haukupinduka kama wa changu. Lakini huzaa watoto hai, na viinitete vyake hukua tumboni mwa mama anayeishi kilindini, mahali ambapo hakuna darubini ya kuvifuatilia saa baada ya saa.