Lancaster PA474: Irudishwe Kwenye Hali Ipi?

Kati ya ndege 7,377 za mabomu aina ya Lancaster zilizoundwa enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zilizobaki na uwezo wa kuruka ni mbili tu. Moja ipo Hamilton, Kanada. Nyingine, namba PA474, inatunzwa na Jeshi la Anga la Uingereza katika kambi ya Coningsby, Lincolnshire. Ukiiona PA474 ikipita na tumbo lake jeusi, mgongo wa kijani na hudhurungi, bunduki zimechomoza mkiani, utaapa kwamba ndiyo hiyo iliyokwenda Ujerumani usiku na kurudi na matundu ya risasi.

Haikwenda. Ilitoka kiwandani karibu na Chester katikati ya 1945, Ujerumani imeshasalimu amri. Iliandaliwa kwenda kuipiga Japani, na Japani nayo ikasalimu kabla zamu yake haijafika. Kwa hiyo ndege ambayo Waingereza huitumia kuwakumbuka marubani wao wa mabomu haijawahi kumdondoshea adui bomu hata moja.

Kazi yake ya kwanza hasa ilikuwa huku kwetu. Vibanda vya bunduki viling'olewa, zikafungwa kamera, na kati ya 1948 na 1952 ikafanya kazi na kikosi cha 82 kupiga picha za ardhi ya Afrika Mashariki na Kusini kutoka angani. Eastleigh, Nairobi, ilikuwa mojawapo ya kambi za kikosi hicho. Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Rubani ananyoosha mstari, anafika mwisho, anageuza, anarudi sambamba na mstari uliopita, na kamera inapiga mfululizo, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya eneo la picha iliyotangulia. Marudio hayo yalikuwa na maana: mchora ramani akiziweka picha mbili zinazofuatana chini ya kioo cha stirioskopu, vilima vinasimama na mabonde yanazama, naye anaweza kuchora mistari ya mwinuko bila kukanyaga eneo. Wingu likitanda siku nzima, hakuna kazi. Picha za kikosi hicho zilitumiwa na idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa 1946, na zilichangia ramani za kipimo cha 1:50,000 za Kenya na Tanganyika ambazo wapima ardhi wetu walizitumia miaka mingi baada ya uhuru.

Baada ya Afrika ilikwenda Cranfield, chuo cha mambo ya anga, ikawa inabebeshwa vipande vya mabawa ya majaribio mgongoni. Ni mwaka 1964 ndipo ilipoamuliwa ihifadhiwe, na mwaka uliofuata ikapelekwa Waddington, ambako ukarabati wa kuirudishia sura ya vita ulishika kasi. Vibanda vya bunduki vya puani na mkiani vilirudishwa kwanza. Kile cha mgongoni kilikosekana kwa muda mrefu, hadi kimoja kikapatikana Argentina, nchi iliyonunua Lancaster baada ya vita, kikaletwa kwa meli na kufungwa mwaka 1975. Kwa miongo kadhaa imekuwa ikipakwa rangi na herufi za Lancaster nyingine, zile zilizopigana kweli. Baada ya miaka kadhaa rangi inabanduliwa, inavikwa utambulisho wa ndege nyingine tena.

Sasa je, huko ni kuirudisha ndege katika hali yake ya awali, au ni kuifuta?

Wanaotetea ukarabati kamili wana hoja nzito, na si haki kuwachukulia kama watu wazima wanaochezea vitu vya zamani. Katika vijana wapatao 125,000 waliohudumu kwenye ndege za mabomu za Uingereza, 55,573 walikufa. Wengi hawana kaburi ambalo familia inaweza kulitembelea. Mjukuu anayetaka kujua babu yake alikaa wapi usiku ule hatasaidiwa na ndege iliyong'olewa vibanda na kufungwa kamera. Anahitaji kuona kiti cha mlinzi wa mkiani, kibanda cha kioo ambamo mtu mmoja alikaa peke yake kwa muda wa saa nane, amewapa mgongo wenzake sita, baridi ikishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kuna jambo la ndani ya ndege ambalo picha haiwezi kulieleza. Mhimili mkuu wa mabawa ya Lancaster unakatiza katikati ya ndege, na anayetoka nyuma kwenda mbele lazima aupande kama anayeruka ukuta mfupi. Mchana, ndege ikiwa imeegeshwa, watu hugonga magoti hapo. Fikiria usiku, ndege inawaka na inazunguka kuelekea chini, wewe umevaa manyoya mazito na unatafuta mlango wa dharura puani ambao ni finyu kupindukia. Waliotoka hai kwenye Lancaster zilizotunguliwa walikuwa wachache kwa uwiano kuliko waliotoka kwenye Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Uingereza, na ukishaupanda mhimili ule huhitaji kuelezwa kwa nini. Hapo naafikiana nao moja kwa moja: mpangilio wa ndani ni ushahidi, na ukiuondoa umeondoa maelezo ya vifo.

Ugumu unaanza tunapouliza ni awali ipi. Walinzi wengi wa mkiani waliondoa kioo cha mbele yao, kwa sababu doa dogo la mafuta kwenye kioo usiku linaweza kudhaniwa kuwa ndege ya adui, au adui akadhaniwa kuwa doa. Walichagua kuganda ili waone. Kwa hiyo mchoro wa kiwandani una kioo, vita halisi mara nyingi havikuwa nacho. Fundi mkarabati afuate upi? Lancaster ya 1942 na ya 1945 zilitofautiana vifaa, redio na rada. Anayesema "kama ilivyokuwa" bila kutaja tarehe hajasema kitu bado.

Tazama yaliyowapata Wamarekani na Memphis Belle, ndege maarufu ya mabomu aina ya B-17 ambayo wafanyakazi wake walimaliza safari yao ya 25 tarehe 17 Mei 1943, kisha ikarudishwa kwao kuzungushwa mijini kuhamasisha watu wanunue hati za mkopo wa vita. Baada ya vita jiji la Memphis liliinunua kwa dola 350, ikakaa nje miaka mingi ikinyeshewa na wadokozi wakichomoa vipande. Mwaka 2005 ilipelekwa kwenye makumbusho ya jeshi la anga karibu na Dayton, Ohio, na ikazinduliwa tarehe 17 Mei 2018, miaka 75 kamili baada ya safari ile. Mafundi walipobandua rangi walikuta mamia ya majina na ujumbe uliokwaruzwa kwenye bati la alumini. Wananchi waliruhusiwa kuandika wakati wa ziara ile ya 1943. Majina hayo yaliwekwa baada ya mapigano, na si kazi ya kiwanda. Kwa kanuni kali ya "hali ya vitani" ni uchafu. Kwangu mimi ni sehemu yenye uhai kuliko zote kwenye ndege ile, na anayeipiga msasa kwa jina la uhalisi hajui anachokitafuta.

Makumbusho ya Jeshi la Anga ya Hendon, London, yalikwenda njia tofauti kabisa kwa Halifax W1048. Ndege hiyo ilipigwa Aprili 1942 ikiishambulia meli ya kivita Tirpitz, ikatua juu ya barafu ya ziwa huko Norway, barafu ikayeyuka nayo ikazama. Ilitolewa majini 1973, na leo ipo ukumbini karibu kama ilivyotoka, imekunjamana na kuliwa. Wakanada walipoitoa Halifax nyingine, NA337, kwenye ziwa Mjøsa mwaka 1995, waliikarabati kwa miaka kumi huko Trenton, Kanada, hadi ikang'aa. Mgeni wa Trenton anajua Halifax ilikuwaje. Mgeni wa Hendon anajua nini kiliipata Halifax moja. Nikilazimishwa kuchagua moja nichague ya Hendon, ingawa ninakubali kwamba mtoto wa shule atasimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya ile ya Trenton.

Suala la kuruka lina hesabu zake. Ndege ikitakiwa iruke, kila sehemu iliyochoka lazima ibadilishwe, na uhalisi wa chuma unapungua kila mwaka. Mhimili wa PA474 ulifanyiwa kazi kubwa majira ya baridi ya 1995–96, vipande vipya vikaingia. Redio ni za kisasa, kwa kuwa mwongoza ndege wa leo hatakusikia kwenye mtambo wa 1944. Hakuna mwenye akili anayetaka kurudisha saa za dashibodi zilizopakwa radiamu yenye mionzi, wala risasi za moto kwenye bunduki. Halafu kuna ajali. Tarehe 2 Oktoba 2019 B-17 iliyobeba jina la Nine-O-Nine ilianguka Connecticut, watu saba wakafa. Tarehe 12 Novemba 2022 B-17 nyingine iligongana na ndege ndogo ya kivita kwenye maonyesho ya Dallas, wakafa sita. Na ile Nine-O-Nine nayo ilikuwa na jina la kuazima: yenyewe ilitoka kiwandani 1945, na historia yake halisi ilijumuisha kuwekwa karibu na milipuko ya majaribio ya nyuklia mwaka 1952. Ni wangapi kati ya waliolipa nauli kuipanda walijua hilo?

Hilo la jina la kuazima ndilo linalonikera kwa PA474. Sina ugomvi na vibanda vya bunduki. Lancaster R5868, iliyofanya mashambulizi 137 na yenye maneno ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, puani kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Reich, yaani Ujerumani yao, ipo Hendon, imetulia, haihitaji kuigizwa. Kwa kuwa ile ipo salama chini, hii ya Coningsby inaweza kuruka na kutengenezwa bila ushahidi wa mwisho kupotea. Mgawanyo huo ni wa busara, na wanaodai PA474 iegeshwe milele hawajaujibu.

Lakini katika kuivika nguo za wenzake, miaka minne ya Afrika imegeuzwa kuwa mstari mmoja katika wasifu, kitu kilichotokea "kabla haijarudishwa". Sielewi kwa nini. Ramani zile hazikuwa hisani: serikali ya kikoloni ilitaka kujua ilichokuwa inatawala, na ardhi ikishachorwa ni rahisi kuigawa na kuwahamisha waliomo. Hata hivyo ni historia kubwa kuliko gwaride, inayowagusa watu kuanzia Nairobi kwenda kusini ambao wazazi wao waliisikia ikinguruma juu bila kuambiwa inafanya nini. Ndege ya vita iliyogeuzwa kuwa chombo cha kupimia makoloni inaeleza Uingereza ya 1948 ilikuwa na haraka gani, pengine vizuri kuliko maonyesho ya mabomu.

Kuna watakaosema basi ipakwe alama za kikosi cha 82 kwa msimu mmoja. Ningefurahi, ila kuna kikwazo: ndege ya upimaji haikuwa na vibanda vya bunduki, kwa hiyo rangi hiyo juu ya vibanda vilivyopo nayo itakuwa uongo, na kuving'oa tena ni kazi ghali isiyo na sababu ya kiufundi. Kinachowezekana ni kidogo zaidi. Coningsby wana kituo cha wageni. Kamera ya upimaji ya wakati ule, jozi ya picha za eneo moja la Kenya chini ya stirioskopu, na karatasi ya ramani iliyotokana nazo, vinatosha meza moja. Mgeni ataangalia kwanza kule chini kwenye kioo, kisha atainua macho kwenye ndege yenyewe, na ataamua mwenyewe kama rangi iliyopakwa ubavuni inamtosha.