Jirani wa kwenye lifti hakudharau, mi ndo nilikuwa mkorofi

Miaka yangu ya kwanza huku nje nikipiga simu nyumbani wimbo ulikuwa mmoja tu, watu wa huku hawana utu. Unaingia kwenye lifti na mtu mnayekaa naye ghorofa moja mwaka wa pili sasa, anakutupia jicho mara moja halafu anahamia kutazama namba za ghorofa kama zinamdai. Nikajua ni dharau, au ni rangi yangu (na kuna siku ni rangi kweli, tusidanganyane).

Sasa kuna mwanasosholojia mmoja mzaliwa wa Kanada, Erving Goffman, mwaka 1963 aliandika kuhusu watu wanavyokaa mbele za watu, na hilo jicho la mara moja amelieleza vizuri mno. Mtu anakutazama kidogo ujue nimekuona, kisha anaondoa macho ujue sina shari na wala sikuchunguzi. Yani ile ni heshima! Anayekukosea ni yule anayekukodolea macho, au anayepita kama pale hamna mtu. Nikajiona mjinga maana mi ndo nilikuwa nawakodolea nikisubiri salamu.

Kingine ni ile hujambo yao. Anakuuliza hali huku miguu inaenda, we unaanza kueleza mgongo, kazi, mtoto kulazwa, anakutazama kama umemkaba koo. Harold Garfinkel, mwanasosholojia wa Marekani, alikuwa akiwatuma wanafunzi wake wafanye vituko vya hivyo makusudi, kwenye kitabu chake cha 1967 kuna aliyeulizwa hali akajibu hali ya nini, ya afya, ya pesa au ya masomo, na mwenzake akapandwa na hasira akasema alikuwa anauliza kwa adabu tu. Alitaka kuonyesha kwamba kanuni hizi hazionekani mpaka zivunjwe. Sie wageni tunamfanyia hilo jaribio kila siku, na bure.

Lakini sikubali kwamba adabu ya huku na ya kwetu ni kitu kilekile ila kimebadilishwa nguo. Wanasosholojia wengine wawili, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walionyesha kwamba mazungumzo yanaenda kwa jozi, salamu inadai salamu, na isiporudi ule ukimya wenyewe ni jibu. Sawa, jozi ipo kwetu na huku ipo. Tofauti ni kinachofuata. Nyumbani mtu anajibu nzuri hata kama nyumba inaungua, halafu anashusha pumzi anasema ila... na hiyo ila ndo mlango wenyewe, kila mtu anajua sasa mazungumzo yanaanza. Huku baada ya nzuri hamna ila. Wiki niliyougua hakuna aliyekosea adabu hata mmoja, na hakuna aliyejua.

Alfred Schutz, mwanafalsafa wa mambo ya jamii na mhamiaji mwenyewe, aliikimbia Austria akafika New York 1939, aliandika 1944 kwamba mwenyeji anaishi kwa "mapishi" aliyoyazoea, yani namna ya kufanya mambo ya kila siku, hafikirii, ila mgeni lazima awaze kila hatua. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu anayerudi kwao, hiyo nikaipita haraka, nikaona hainihusu.

Likizo iliyopita nikaingia sebuleni kwetu, kumejaa watu, nikatupa jicho mara moja nikainamisha kichwa nikatafuta kiti. Shangazi akaniuliza, we mbona umeingia kama mwizi?