Reli ya Korogwe, nikiitazama kutoka Galashiels

Ninapowaeleza ndugu zangu wa Korogwe kwamba mji ninaoishi hapa Scotland ulikaa miaka 46 bila treni, hudhani ninawatania, kwa kuwa tumekua tukiamini kwamba reli kufa ni aibu ya nchi maskini peke yake. Reli ya Galashiels, mji wa viwanda vya sufu, ilifungwa Januari 1969 kwa hoja kwamba haijilipi, vyuma vikang'olewa, na iliporudishwa Septemba 2015, kiasi cha kilomita 48 kutoka upande wa Edinburgh hadi Tweedbank, kituo cha mwisho baada tu ya Galashiels, ilibidi sehemu kubwa itandikwe upya.

Reli yetu ya Korogwe ilipata bahati ya kusahauliwa tu. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, kampuni ikaishiwa fedha ikiwa imefika Muheza, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, na Korogwe ikafikiwa mwaka 1902, kabla ya njia kuendelea hadi Moshi. Haikujengwa kwa ajili ya gulio letu. Ilifuata mashamba ya walowezi, na mkonge ndio uliokuja kujaza mabehewa. Mwaka 1963, Uingereza ilipochapisha ripoti ya Beeching iliyopendekeza kufunga maelfu ya maili za reli, Tanganyika ilikuwa ikiiunganisha njia hii na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Sisi tuliunga, wao wakikata. Jambo hilo hunifurahisha kila nilikumbukapo.

Treni za abiria zilipokoma kwetu miaka ya 1990, reli ilibaki imelala majanini, ndiyo maana ukarabati ulitosha kuzirudisha hadi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020. Hata hivyo, siwezi kushangilia kama wanavyoshangilia wengine. Hapa Galashiels treni hupita kila nusu saa kwa sehemu kubwa ya siku, hata mtu hahitaji kutazama ratiba. Ya Korogwe hupita siku chache kwa wiki, nayo haiwezi kubeba biashara ya mtu anayeuza kitu kinachooza. Mama yangu, aliyeuza machungwa stesheni kabla ya kuhamia barabarani, hajarudi huko. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba basi likimpita, jingine hufika kabla hajamaliza kupanga machungwa yake kwenye beseni.