Utiifu Unadaiwa, Masurufu Je?

Mjadala wa mfumo dume hapa Mombasa huharibika mapema. Huyu anasema mwanamke wa pwani ameonewa tangu azaliwe. Yule anajibu kwamba hayo ni maneno ya kuletwa, na kwamba dini na mila zimemtunza mwanamke kuliko sheria yoyote iliyopitishwa Nairobi. Baada ya hapo ni kupigiana kelele tu. Kwa maoni yangu wote wawili wanalikwepa jambo lenyewe. Mfumo dume wa huku ulisimama juu ya makubaliano: mwanamume alishe, avishe, aweke nyumba; mwanamke atii, atulie, alinde heshima ya ukoo. La kuuliza leo ni nani bado anatimiza sehemu yake.

Makubaliano hayo yameelezwa vizuri mno katika utendi ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, Lamu, aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwusia binti yake Mwana Hashima. Anamwambia kwamba mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, ambayo ndiyo anayoirefusha kuliko zote. Wapo wanaousoma utendi huo kama mafunzo ya kumnyenyekeza mwanamke, na ushahidi wanao. Wengine wanausoma kinyume, wakishika pale anapomwagiza binti yake amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema, na aangalie sana kinachotoka na kinachoingia. Mtoto asiyejua kusema hawezi kuwa bwana wa mtu, wanasema. Mama huyu, mjane wa mtawala wa Siyu, alikuwa akimfundisha bintiye kuitawala nyumba bila kuonekana anatawala.

Usomaji huu wa pili naupenda, ila sikubali utumiwe kufunga mjadala. Mwenye uwezo wa kusema "sitaki" hahitaji werevu wa namna ile. Halafu kuna jambo ambalo wote hulipita haraka. Utendi uleule unamwonya binti asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Mwanamke aliyetawa ndani aliweza kutawa kwa sababu mwanamke mwingine alikwenda kisimani na sokoni kwa niaba yake, na huyo wa pili hakuna aliyemtaja alipozungumziwa staha ya mwanamke wa Kiswahili. Hali ilikuwa hiyo Pate, na ilikuwa hiyo Mji wa Kale. Utumwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1907, lakini kipimo cha mwanamke mwenye heshima kimebaki kile cha nyumba yenye watu wa kutumwa.

Sasa tutazame mji wenyewe. Kwa miaka mingi, kazi ya bandarini na malori ndiyo iliyomfanya mwanamume wa Mombasa aitwe mwenye nyumba. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza mwaka 2017, kisha shehena ikaamriwa ipelekwe Nairobi kwa treni, madereva, mataniboi na vibarua wa maghala walipoteza riziki hadi watu wakaingia barabarani kuandamana mwaka 2019. Amri iliondolewa mwaka 2022, lakini si kila aliyepoteza kazi aliirudia. Katikati ya hayo, nani alilisha nyumba? Namjua mama mmoja wa Majengo anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kukanda unga. Kufikia saa moja asubuhi beseni la mahamri limekwisha na sufuria ya mbaazi inakwanguliwa. Jioni anarudi barazani na viazi karai na ukwaju. Kodi ya nyumba anailipa yeye, noti kwa noti, na risiti inaandikwa jina la mumewe. Na mama huyo, akitaka kwenda kumwona mamake Likoni, anaomba ruhusa.

Sisemi mumewe ni mtu mbaya. Anamheshimu mkewe, na nadhani anaumia. Hapa ndipo wanaoulaumu mfumo dume wanapokosea wakidhani umewapa wanaume wote raha. Mwanamume aliyelelewa akiambiwa thamani yake ni mkono wake wa kutoa, siku mkono ule ukikauka hajui aketi wapi. Wengi wanaketi maskani tangu mchana na muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, na serikali ya kaunti ilipoupiga marufuku mwezi wa Mei 2024, akina mama wengi walishangilia. Wanaolia kwamba mtoto wa kiume amesahaulika wana hoja ya kweli. Ninachokataa ni pale kilio hicho kinapotumiwa kumwambia mtoto wa kike apunguze mwendo.

Fasihi yetu ya kisasa imejaribu kumtetea huyu binti, na utetezi wake unanisumbua. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), baba anamlea Rosa kwa kipigo na kumfungia mbali na wavulana. Binti akifika chuoni anapotea, na mwisho anajiua. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna anafungiwa ndani na baba mwenye cheo. Akitoroka anaangukia ukahaba. Waandishi wote wawili wanamnyooshea kidole baba, na hilo lilihitaji ujasiri. Lakini tazama nani anayevunjika mwili. Msomaji anaweza kuufunga ukurasa akiamini kosa lilikuwa malezi makali, au akaamini, kwa urahisi uleule, kwamba binti akivuka kizingiti huharibika. Nimesikia wazazi wakizisimulia hadithi hizi kwa maana ya pili. Riwaya ya mwanamke aliyetoka, akachuma, akakosea mara mbili tatu kama watu wote na akaendelea kuishi, bado tunaihitaji sana.

Wanaotetea mila wana hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni ya mali. Wanasema mali ya mwanamke wa Kiislamu ni yake peke yake. Mume hana fungu ndani yake, na mahari ni yake. Ni kweli, na ni haki ambayo wanawake wa Uingereza walioolewa waliipata kwa sheria za karne ya 19. Mahakama ya Kadhi nayo haiwafungii mlango. Keti kwenye benchi zake uone ni akina nani wanaodai matunzo na talaka. Kwa wasio Waislamu sheria ya nchi pia haitoi vya bure: Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja ndoa ikivunjika, kila mmoja athibitishe mchango wake. Ulezi wa watoto na kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango, lakini nani anaweka risiti ya kupika?

Tukija kwenye mirathi, makubaliano yale yanaonekana wazi. Katiba ya 2010 imeacha mlango ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Kadhi, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Masheikh wanaeleza sababu: kaka ana wajibu wa kumtunza dada, na dada hana wajibu wa kumtunza yeyote. Maelezo hayo nayakubali kama yalivyo, na ndiyo maana nataka yafuatwe hadi mwisho. Kaka aliyepokea mafungu mawili ya nyumba ya Kibokoni, Mji wa Kale, kisha akamwacha dada aliyeachika apange chumba na wanawe, aitwe na wazee wa familia aulizwe fungu la matunzo liko wapi. Wazee ni walewale, na wamezoea kuuliza: dada huitwa akaulizwa alikuwa wapi jana usiku.