Haikuwa mia tano, ilikuwa mia nne tisini

Kwanza kabisa turekebishe hii habari kabla haijafika mbali zaidi. Haikuwa mia tano. Ilikuwa 490. Na sikulia. Jamaa yangu mnayemjua nyote, ambaye wala hakuwepo mle chumbani, jana kaamka hana la kufanya akaanza kuwasimulia eti nimesoma namba mia tano mbele ya madaktari, eti nikalia, na eti nimemwambia daktari bingwa kwamba mgonjwa wake ana mto tumboni. Sijasema mto mimi. Neno mto lilitamkwa na mtu mwingine, nitafika huko, tulieni.

Kwa wale ambao huwa mnaniuliza nafanya kazi gani halafu nikianza kujibu mnatoa simu mfukoni: naigiza mwendo wa vitu vinavyotiririka kwenye kompyuta. Maji, hewa, mafuta, damu. Unachukua umbo lako, liwe bomba au bawa la ndege au pampu, unalikatakata vijumba vidogovidogo hata milioni kadhaa, hiyo ndo tunaita meshi, halafu kompyuta inatafuta kwenye kila kijumba kasi ni ngapi na presha ni ngapi, inarudia inarudia mpaka hesabu zitulie. Hesabu zenyewe ni za Navier na Stokes, za karne ya 19 huko, na mpaka leo kuna dola milioni 1 za taasisi ya hisabati ya Clay zimekaa tangu mwaka 2000 zinamsubiri mtu wa kuthibitisha kama majibu ya hesabu hizo yapo siku zote na hayavurugiki njiani. Mimi hizo dola siziwazi kwa sasa. Kwa sasa nawaza namna ya kuisahau Jumanne.

Sasa uzuri wa hizi hesabu hazijali kinachopita ni nini. Ukizipa uzito na unato wa damu zinakuchezea damu. Ndo nikaitwa na watu wa hospitali moja (siitaji, na nyie msiitaje hapo chini), wana picha za siti skani za mgonjwa ambaye aota yake, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni kushuka tumboni, ukuta umelegea sehemu moja ukatuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Madaktari huwa wanapima upana wa huo uvimbe, ukifika sentimita 5.5 hivi mazungumzo ya upasuaji yanaanza, ila upana peke yake hausemi kila kitu, kuna midogo inayopasuka na mikubwa inayokaa tu miaka. Kwa hiyo wakataka waone damu inazungukaje mle ndani. Ni utafiti tu, hakuna mtu angepasuliwa kwa maneno yangu, Mungu alikuwa macho.

Nikapewa faili la STL. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana utetezi wangu wote uko hapa. Faili la STL ni pembetatu tupu. Maelfu ya pembetatu zimeshikana zikatengeneza umbo, na kila kona ya pembetatu ina namba, lakini hakuna mahali popote faili linasema hizo namba ni milimita, mita au hatua za kuku. Mashine ya skani inafikiria kwa milimita. Programu yangu inafikiria kwa mita. Katikati yao anatakiwa awepo mtu mwenye akili timamu anayegawa kwa elfu moja.

Huyo mtu alikuwa mimi.

Na siyo kwamba programu haikunionya, hapana, ilinionya kiungwana kabisa. Ukiikagua meshi inakuandikia umbo lako limeanzia wapi limeishia wapi, ikaniandikia urefu ni 300 na ushee. Namba tupu, haina mkia. Mimi nikaitazama, kichwani nikaimalizia mwenyewe "milimita", nikatikisa kichwa kwa kuridhika, sentimita 30, sawa kabisa, nikaenda kulala.

Mshipa wa mita 300 jamani. Nikalala usingizi mzuri tu.

Asubuhi nikakuta hesabu zimetulia vizuri mno, nikajipongeza. Nikakuta msuguano wa damu kwenye ukuta wa mshipa ni mdogo ajabu, chini sana ya ule unaotegemea. Mtu mwingine hapo angesimama ajiulize. Mwenzenu nikakumbuka kwamba msuguano mdogo kwenye uvimbe unahusishwa na damu kuganda, nikatengeneza slaidi nzima yenye kichwa chekundu, HALI YA HATARI, na mshale. Mshale ulikuwa unapepesa.

Jumanne sasa. Chumba cha mikutano, madaktari kama kumi na mbili hivi, mbele kabisa amekaa mama mmoja daktari wa upasuaji wa mishipa, mtu mzima, mpole, miwani iko kwenye ncha ya pua, ana kalamu mkononi na hiyo kalamu haiandiki kitu. Wanafunzi wake wamejipanga ukutani. Nikawasha picha. Nyie acheni utani, zile rangi ni nzuri, bluu inapanda kijani inapanda njano mpaka nyekundu, vijimstari vya damu vinashuka vinaingia kwenye uvimbe vinajiviringa kama moshi, chumba kizima kikafanya "aaah". Nilijisikia. Nitawaambia ukweli, kwa dakika nne pale nilijisikia kama mimi ndo niligundua damu.

Ikaja video. Kwenye kona ya video kuna kijisaa kinahesabu sekunde. Nilikuwa nimeiharakisha ili isichoshe watu, kwa hiyo kijisaa kilikuwa kinakimbia, 50, 120, 200, damu ndo kwanza inafika kwenye uvimbe.

"Samahani kijana," yule mama akasema, taratibu kabisa. "Hicho kisaa ni sekunde?"

"Ndiyo Dokta."

"Kwa hiyo hapa damu imetoka kifuani, na mpaka ifike tumboni ni dakika tatu na zaidi."

Hapa, wapendwa, ndo mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Ningesema "ngoja nikague Dokta" ningekuwa nimeokoka. Lakini nilikuwa bado nimelewa ile "aaah" yao. Nikatabasamu, nikasema, na haya maneno nayasikia mpaka nikiwa naoga, nikasema: "Hapana Dokta, hiyo ni saa ya kompyuta, siyo ya mgonjwa."

Akatikisa kichwa polepole. Mtu mkarimu sana yule. Akanipa nafasi ya pili ambayo sikujua kama ni kitanzi.

"Sawa. Basi tusomee, kwa kasi hiyo uliyoweka, damu inayopita pale juu ni kiasi gani?"

Swali jepesi! Programu inajumlisha yenyewe, unachagua ule mlango wa kuingilia damu, unabonyeza, namba inatokea. Nikasema ngoja tuione pamoja, mubashara, kwenye skrini kubwa. MIMI ndo nilisema mubashara. Nikachagua. Nikabonyeza. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, nikajaza muda kwa kuwaeleza kwamba nimeweka kasi ya mita 1 kwa sekunde, ile ya moyo unapokuwa umesukuma kwa nguvu zake zote, na upana wa mshipa pale juu ni 25. Nikasema tu 25. Sikumalizia.

Namba ikatokea. 490.

"Mia nne tisini," nikasoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Mia nne tisini ya nini?"

Nikaangalia kwenye kona ya dirisha la programu. Unajua ile hali macho yanaona kitu halafu ubongo unakataa kukipokea, kama mzigo ambao haujalipiwa? Mdomo ukawahi.

"Mita za ujazo."

Kalamu ikasimama.

"Kwa dakika?"

"...Kwa sekunde, Dokta."

Hakuna aliyecheka. Ndo kilichoniua. Wangecheka ningecheka nao. Palikuwa kimya nikasikia feni ya projekta, nikasikia na kiti cha mtu kikilia, na kule nyuma nikaona kijana mmoja mwanafunzi katoa simu anabonyezabonyeza kikokotoo. Nikamwomba kwa macho. Kaka, usifanye hivyo. Akafanya.

"Ni lita laki nne na tisini elfu kila sekunde," akasema, na akaendelea bila kuulizwa maana kuna watu wamezaliwa hawana huruma, "mtu mzima ana lita kama tano, kwa hiyo ni damu ya watu tisini na nane elfu. Kwa sekunde moja."

Wa pembeni yake akadakia, "Bwawa la kuogelea la Olimpiki linajaa kwa sekunde tano." Na wa tatu, huyu ndo mwenye neno lenu, akanong'ona kwa sauti ambayo hata mgonjwa mwenyewe angeisikia: "Huo si mshipa, huo ni mto."

Muda wote huo mimi nimekishika kipanya nakisogeza kushoto kulia bila sababu yoyote, kale kamshale kanatembea kwenye skrini kubwa juu ya uvimbe, kanaenda kanarudi, watu kumi na mbili wanakafuata kwa macho. Masikio yamepata moto. Nikakumbuka ile 300. Nikakumbuka 25. Uvimbe wangu ulikuwa na upana wa mita 55. Na ile slaidi ya HALI YA HATARI ilikuwa ndo inayofuata, mshale wake unapepesa kule, unanisubiri.

Yule mama akavua miwani akaifuta. "Kijana, nina swali la mwisho. Huyu mgonjwa kwa vipimo vyako ana urefu wa kilomita moja na nusu hivi, au zaidi. Wodini tumlaze vipi?"

Hapo ndo wakacheka. Wote, hadi aliyeniita.

Mengine ni mafupi. Nikasema nitarudi na majibu sahihi, nikachomoa waya wa projekta bila kuizima, nikaacha chaja yangu pale na sijaifuata, nimenunua nyingine. Nyumbani nikaongeza mstari mmoja, MMOJA, wa kuzidisha kwa 0.001, nikaendesha upya. Picha ikabadilika kabisa, ile mizunguko mizuri ya moshi niliyoisifia haipo pale nilipoisifia, na msuguano ukutani umepanda kwenye namba za binadamu wa kawaida. Namba ya Reynolds, ile inayokuambia kama mtiririko utatulia au utachafuka, kumbe mara ya kwanza ilikuwa zaidi ya milioni 7, hiyo ni namba ya bawa la eropleni ndogo ikiwa angani, wakati ya kweli ni kama 7,500. Reynolds mwenyewe mwaka 1883 alitumia bomba la kioo na wino akaona mambo yote kwa macho, hakuwa na faili la STL lile.

Na msinitajie NASA, najua mtaitaja. Ndiyo, mwaka 1999 walipoteza chombo chao kule Mars kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa kipimo cha pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Nilimwambia jamaa yangu hivyohivyo ili kujifariji. Akanijibu, "Ila wao chombo kilipotelea mbali, wewe ulikuwa umesimama palepale."

Sasa kitu ambacho hakuwasimulia ni hiki. Baada ya kurekebisha nikaiuliza programu swali lilelile la Dokta. Ikajibu 0.00049. Zigeuzeni ziwe mililita. Haya, ni ngapi? Mia nne tisini! Mililita 490 kwa sekunde, moyo ukiwa kwenye kilele cha kusukuma, jibu la kitabuni kabisa. Namba niliyosoma mbele ya watu ilikuwa sahihi jamani, kilichokosewa ni maneno yaliyoifuata. Nimemtumia Dokta, akajibu: "Nimeona. Njoo Alhamisi. Njoo na rula."

Jamaa naye anasema Alhamisi anakuja kushuhudia, kaniuliza abebe maboya mangapi. Nimemwambia asihangaike, boya mmoja atakuwepo tayari, kasimama mbele na kipanya.