Hadi Enduro, Hadi Wapi?

Mimi ni fundi wa pikipiki Changamwe, Mombasa, mwaka wa kumi na mbili sasa, na miaka yote hiyo sijazamisha pikipiki ya mteja ila moja. Hiyo moja ndiyo watu wanayoikumbuka.

Ililetwa Alhamisi na bwana mmoja wa Nyali. Ya umeme, lakini si hizi za boda za kubadilishiwa betri. Hii ni ya porini: shoki ndefu kama miguu ya korongo, tairi zenye meno, nguvu za farasi 80. Boda yako ya kawaida ina kama 10. Kazi yenyewe ilikuwa pedi za breki na kukaza mnyororo. Akaniambia, “Fundi, usiipande.” Nikamjibu hakuna neno.

Lakini breki hazijaribiwi juu ya stendi, na hilo fundi yeyote atakwambia. Nikatoka nayo Ijumaa baada ya swala, mpaka kona ya gereji tu. Zikashika. Nikaenda Mikindani kuhakikisha. Zikashika tena. Kufika Jomvu Kuu nilikuwa sina tena cha kuhakikisha, ila Mjomba alikuwa barazani na wenzake, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa imepigwa pasi inang'aa, na mimi siwezi kupita kwa Mjomba bila kumwamkia.

“Shikamoo Mjomba.”

“Marahaba. Umeswali?”

“Nimeswali Changamwe.”

“Mbona pikipiki haina sauti? Umeisukuma?”

Hapo ndipo nilipoanza kujiharibia. Usiku huwa silali, natazama mashindano kwenye simu. Nikawaeleza: kule Austria kuna mlima wa machimbo ya chuma, Erzberg, na tangu 1995 watu huupanda kwa pikipiki. Siku ya mwisho huingia 500, wanapewa saa 4, na wengi mno hawafiki.

“Mashindano hayo yaitwaje?”

“Hadi enduro.”

“Hadi wapi?”

“Hadi enduro, Mjomba. Ndilo jina. Kizungu, mbio ngumu za porini.”

“Nimesikia. Nauliza mwisho wake ni wapi.”

Nikaachana naye, nikahamia kwenye trakshoni kontroli. Nikamwambia hii ina ubongo. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote za kuzungusha gurudumu likiwa bado limesimama, na hapa hakuna klachi ya kuipoza, kwa hivyo kwenye utelezi tairi lingechimba kisima. Lakini kompyuta inausoma mzunguko wa gurudumu, likikimbia ghafla inapunguza umeme hata jicho hujapepesa, mpaka tairi lishike. Pikipiki ya petroli hukatiwa cheche. Hii inanyimwa moto wenyewe. Barazani wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akanyoosha kidole kwenye mteremko unaoshuka mikokoni, udongo wa mfinyanzi, na masika yale yalikuwa yameunyeshea wiki nzima. “Basi hata pale itapanda?”

Nikasema itapanda.

Kushuka kulikuwa raha. Maji bado yako mbali, matope yanameta, watoto wananifuata mbio. Nikageuza, nikaweka trakshoni juu kabisa. Kitu kizuri, kwa nini uweke kidogo? Nikavuta mafuta. Yaani umeme.

Gurudumu likazunguka robo, likasita. Robo tena, likasita. Kompyuta ilikuwa mwaminifu ajabu: kila tairi lilipotaka kuserereka, ilinyima umeme. Tairi haliserereki, na pikipiki haiendi. Kwenye tope kama lile unataka gurudumu lizunguke kidogo, lirushe udongo ulioziba meno ya tairi. Ubongo ule hugawa mshiko uliopo, hauumbi mshiko mwingine. Hilo nililielewa hapo, huku kitoto kimoja kikiniuliza kama betri imekwisha.

Nikaizima trakshoni. Farasi 80 wakatoka wote kwa pamoja, wakaelekea chini. Tope likapita juu ya mikoko, nyuma ya tairi kukawa na shimo la kuzikia mbuzi, na pikipiki ikakaa mpaka ekseli.

Ndipo nikasikia maji. Ilikuwa bamvua, maji makubwa, na bamvua haikusubiri fundi. Na ndipo simu ikalia.

“Fundi, nimefunga traka kwenye ile pikipiki. Mbona inaonyesha iko baharini?”

“Bosi,” nikasema, “hizi ramani za simu, huku kwetu Jomvu hazijui kupwa na kujaa.” Kwa mbali, si uongo.

Nikapanda mbio barazani. Nikamwambia Mjomba kuwa hata Erzberg, mwaka 2015, wakali wanne walikwama kwenye mwinuko mmoja, wakavutana mmoja mmoja mpaka juu, na wote wanne wakapewa ushindi. Mjomba akanitazama muda mrefu. Kisha akakunja kanzu, akaifunga kiunoni, akashuka na wenzake na kamba ya ngalawa.

Nikapanga kazi. Wavutaji mbele, pembeni. Mimi nyuma, nisukume. Mjomba, kwa heshima ya umri, ashike usukani tu. Akaniuliza, “Umeizima?” Nami nilikuwa nimesahau, lakini kimya cha pikipiki kikanidanganya hata mimi mwenyewe. Nikamwambia imezimwa.

“Moja, mbili, vuta!”

Mjomba akajikaza. Mtu akijikaza hukamata kwa nguvu, na alichokamata kilikuwa kishikio cha kulia, kile cha kuvutia umeme.

Sikuona kilichofuata, maana mdomo, macho na masikio yangu vilijaa Jomvu. Walioona wanasema pikipiki ilichomoka kimya kimya kama paka aliyeiba papa, Mjomba akiwa nyuma yake amening'inia na kanzu imefunguka yote, mpaka mikono ikamwachia. Pikipiki ikaegemea mkoko kwa adabu, nzima kabisa. Mjomba akarudi na mteremko, akakaa pale pale pikipiki ilipokuwa.

Nikamfikia nikiwa na matope mpaka kwenye kope. “Mjomba, pole. Umeumia?”

Akajitazama, akalitazama tope lilipomfikia.

“Hadi kiunoni,” akasema. “Nilikuuliza mapema hukunijibu.”

Yule bwana wa Nyali pedi zake sikumtoza. Kanzu naifua mpaka leo.